Jina la Juma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Juma maana yake nini?

Juma ni mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya Ijumaa. Maana inaanzia hapo na kuishia hapo. Jina hili halimtakii mtoto utajiri wala halimsifu kwa ushujaa. Linataja siku aliyokuja duniani, basi. Orodha za majina mtandaoni huandika kwamba Juma ni "hodari", "mwaminifu" au "kiongozi wa watu". Huo ni utunzi wa mtu aliyekuwa anajaza nafasi.

Neno lenyewe lilitoka kwenye Kiarabu, jumu'a, ambalo ni tawi la mzizi wa herufi tatu, jiim, miim na ain, wenye maana ya kukusanya. Siku iliitwa hivyo kwa sababu watu hukusanyika msikitini kwa sala ya adhuhuri ya Ijumaa. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliiita siku hiyo Aruba, jina lililokufa. Sura ya 62 ya Kurani, yenye aya 11, inaitwa Al-Jumu'a, na aya yake ya 9 ndiyo inayowaamuru waumini waache biashara pale wito wa sala ya Ijumaa unapotolewa.

Lina undugu na maneno gani ya Kiswahili?

Jamaa, jamii, jumuiya, jumuika na ujamaa yote yametoka kwenye mzizi huohuo wa kukusanya, kwa hiyo Juma na Ujamaa ni watu wa ukoo mmoja. Jumla na jumlisha hazimo, ingawa wengi huziingiza: mzizi wake unaishia na laam, si ain. Jamhuri nayo ina mzizi wake wa herufi nne. Jumbe na jumba hazihusiani kabisa, ni mfanano wa sauti tu.

Mbona "juma" ni wiki pia?

Kwa sababu wiki ya Kiswahili ilipewa jina la siku yake kuu. Ijumaa ndiyo kilele, na siku zinazofuata zinahesabiwa kutoka hapo: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha hesabu inakatika, inaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni "ya tano" kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Ndiyo maana wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, jambo ambalo mzungumzaji wa kawaida halioni hata siku moja mpaka aonyeshwe.

Kisarufi hakuna mkanganyiko. Juma la siku saba hubadilika kuwa majuma na huvaa viambishi vyake: juma lijalo, majuma mawili yamepita. Juma wa mtu ni mtu: Juma amekuja, Juma na wenzake wamekuja. Wakiwa wengi tunasema akina Juma.

Mtoto akizaliwa Alhamisi usiku, anaitwa Hamisi au Juma?

Kwa hesabu ya wazee, Juma. Hili ndilo swali linaloleta ubishi mwingi kuliko yote, na chanzo chake ni kwamba kuna siku za namna mbili.

Siku ya Kiislamu huanza jua linapozama. Usiku hutangulia mchana wake. Jua likishazama Alhamisi na adhana ya magharibi ikasikika, Ijumaa imeshaingia, nayo itadumu hadi magharibi ya kesho yake. Siku ya serikali huanza saa 6 usiku. Katikati ya magharibi na saa 6 usiku pana saa tano hadi sita ambazo kalenda hizi mbili haziafikiani, na mtoto akizaliwa humo atakuwa na siku mbili za kuzaliwa.

Tuchukue mfano. Mtoto amezaliwa Alhamisi saa 3 usiku. Hospitali itaandika tarehe ya Alhamisi. Bibi yake nyumbani atasema amezaliwa usiku wa Ijumaa, naye ataitwa Juma. Miaka 30 baadaye Juma huyo anaingiza tarehe yake kwenye simu, inamwambia Alhamisi, anadhani wazazi walikosea. Hawakukosea. Kinyume chake pia hutokea: mtoto wa Ijumaa saa 2 usiku, ambaye cheti chake kinasema Ijumaa, kwa hesabu ya wazee ni wa Jumamosi, na huenda akapewa jina jingine kabisa.

Angalia pia lugha. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa pwani ni usiku unaotangulia Ijumaa. "Ijumaa usiku" kwa kijana wa mjini ni usiku unaofuata. Ukitaka kuondoa utata uliza: "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au wa kuamkia Jumamosi?" Jibu la hapo halina njia mbili.

Nitajuaje siku niliyozaliwa bila simu?

Kwa kujumlisha namba nne na kugawa kwa 7. Chukua:

1. tarakimu mbili za mwisho za mwaka;
2. robo ya namba hiyo, ukitupa baki;
3. tarehe;
4. namba ya mwezi: Januari 1, Februari 4, Machi 4, Aprili 0, Mei 2, Juni 5, Julai 0, Agosti 3, Septemba 6, Oktoba 1, Novemba 4, Desemba 6.

Jumlisha, gawa kwa 7, tazama baki. Sifuri ni Jumamosi, 1 Jumapili, 2 Jumatatu, 3 Jumanne, 4 Jumatano, 5 Alhamisi, 6 Ijumaa. Kwa waliozaliwa kuanzia mwaka 2000, ongeza 6 kwenye jumla kabla ya kugawa.

Mtu wa 14 Juni 1996: 96 + 24 + 14 + 5 = 139. Ukigawa kwa 7 unapata 19, baki 6. Ijumaa. Mtoto wa 7 Machi 2014: 14 + 3 + 7 + 4 + 6 = 34, baki 6. Ijumaa tena. Ukitaka kuipima kanuni kwa tarehe unayoijua, jaribu 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika: 61 + 15 + 9 + 6 = 91, haibaki kitu. Jumamosi, na ndivyo ilivyokuwa.

Makosa yanayoharibu hesabu ni machache. La kwanza ni kusahau mwaka mrefu: katika mwaka wenye Februari ya siku 29, punguza 1 kwa Januari na Februari tu, miezi mingine usiiguse. La pili ni kusahau ile 6 ya miaka ya 2000. La tatu halitokani na hesabu: tarehe iliyo kwenye karatasi si ya kweli. Wazee wengi wameandikiwa 1 Januari au 1 Julai kwa sababu karani alikuwa na mwaka tu, na wengine wana tarehe ya siku walipoandikishwa. Kwa watu hao jina, kama si la kurithi, ni ushahidi bora kuliko cheti. Mzee anayeitwa Juma huenda hajui tarehe yake, lakini mtu alijua siku.

Kila Juma amezaliwa Ijumaa?

La. Wengi wamerithi. Katika familia nyingi za Waswahili mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, awe amezaliwa siku gani. Hapo ndipo unapata mnyororo kama Juma Ali Juma: babu alizaliwa Ijumaa, baba akaitwa Ali, mjukuu akarudishiwa jina la babu, na mwanawe akizaliwa, jina Ali linarudi tena. Majina mawili yanaweza kupokezana hivyo vizazi vinne bila mtu kuzaliwa Ijumaa zaidi ya yule wa mwanzo.

Ukitaka kujua Juma fulani ni wa siku au wa kurithi, tazama jina lake la tatu: likiwa Juma pia, huenda amerithi.

Jina hili liliingiaje Afrika Mashariki?

Liliingia na Uislamu wa pwani, likabaki pwani kwa muda mrefu, kisha likapanda bara na misafara ya karne ya 19. Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, jina lake kamili lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Babu yake ni Juma, na baba wa babu ana jina la mwezi. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika nchi ya Urua, kusini mashariki mwa Kongo ya leo, mwaka 1874, alipokelewa na mfanyabiashara aliyeitwa Juma Merikani. Merikani ni ile nguo ya pamba isiyopaushwa ya Marekani iliyokuwa fedha ya njiani. Jina la siku, na lakabu ya bidhaa.

Njia za misafara ndizo zinazoeleza kwa nini Juma yuko Tabora, Ujiji na mashariki ya Kongo, mbali na bahari. Baadaye watu wa bara walilichukua bila kuchukua dini, na leo ni jina la ukoo la Wakristo wengi magharibi mwa Kenya. Profesa Calestous Juma (1953–2017), mtaalamu wa sayansi na maendeleo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alitoka huko, pembezoni mwa Ziwa Viktoria.

Je, ni jina la Waislamu pekee?

Kama jina la kwanza, anayelibeba kwa kawaida ni Mwislamu. Kama jina la baba au la ukoo, huwezi kukisia. Na hata kwa Waislamu si jina la ibada: hakuna wajibu wa kidini wa kumwita mtoto kwa siku yake. Hadithi inayotaja majina yanayopendwa zaidi inataja Abdullah na Abdurrahman. Kuita kwa siku ni mila, na mila hiyo ipo kwa watu wengi wasiohusiana na Waarabu hata kidogo.

Wengine wanamwitaje mtoto wa Ijumaa?

Misri ni Gomaa, kwa kuwa Wamisri hutamka jiim kama g. Ali Gomaa alikuwa Mufti Mkuu wa nchi hiyo kuanzia 2003 hadi 2013. Tunisia wanaandika Jomaa. Uturuki ni Cuma, na c yao inatamkwa kama j yetu, kwa hiyo ukilisoma vizuri umesikia Juma. Wahausa wana Danjuma kwa mwanamume na Jummai kwa mwanamke, Wazarma wa Niger wana Alzouma. Waakan wa Ghana, ambao mfumo wao wa majina ya siku ni wao wenyewe, wana Kofi. Kofi Annan alizaliwa 8 Aprili 1938: 38 + 9 + 8 + 0 = 55, baki 6.

Kwa Kiswahili mwenzake wa kike ni Mwanajuma, ambalo mara nyingi hufupishwa kuwa Mwajuma. Hamisi naye ana Mwanahamisi.

Siku nyingine za wiki nazo ni majina?

Ndiyo, lakini si kwa usawa. Hamisi (au Khamis, hasa Zanzibar) linashindana na Juma kwa wingi. Jumanne linafuata, na lina historia ya ziada: Wamarekani weusi walipoanza kujipa majina ya Kiswahili katika miaka ya 1960 na 1970, Jumanne lilivuka bahari likawa Jumaane, kama alivyo Jumaane Williams, mwanasiasa wa New York. Jumapili lipo kwa wanaume na wanawake. Siku zilizobaki ni adimu.

Majina ya miezi ni jamii jirani: Rajabu, Shabani, Ramadhani. Mtu anayeitwa Juma Ramadhani Shabani ana siku moja na miezi miwili kwenye kitambulisho chake, na hakuna anayeshangaa. Profesa Ibrahim Hamis Juma, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, amebeba Alhamisi na Ijumaa kwa mpangilio wake sahihi.

Juma, Jumaa, Djuma, Jumah: lipi sahihi?

Kwa Kiswahili ni Juma, mkazo kwenye silabi ya kwanza. Jumaa lipo pia, hasa pwani ya Kenya, na hapo mkazo unasogea: ju-MA-a. Hayo ni majina mawili kwa mujibu wa karatasi, hata kama asili ni moja.

Djuma ni tahajia ya nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji: Kongo, Burundi, Rwanda. Waliweka d kwa sababu j ya Kifaransa peke yake haitoi sauti ya j yetu. Mashabiki wa soka wa Tanzania wanaijua kutokana na beki Djuma Shabani aliyechezea Yanga, Mkongo ambaye angezaliwa Kigoma angekuwa Juma Shabani tu. Jumah na Juma'a ni majaribio ya kuonyesha mwisho wa neno la Kiarabu.

Kwa maandishi ya Kiarabu andika جمعة: jiim, miim, ain, taa marbuta. Hii ni muhimu kwa anayetafsiriwa hati kwenda Oman, Saudia au Falme za Kiarabu. Mtafsiri anayeandika kwa kusikia herufi za Kilatini huweza kuandika جوما, ambayo Mwarabu atasoma kama jina geni lisilo na maana, na hati ya pili ikitafsiriwa na mtu mwingine hazitalingana. Mpe mtafsiri herufi hizo nne kabla hajaanza.

Nawezaje kuepuka matatizo kwenye hati za mtoto?

Kosa la a moja linagharimu kuliko linavyoonekana. Juma akiwa Jumaa kwenye cheti cha shule na Juma kwenye cheti cha kuzaliwa, atakwama wakati wa mkopo wa chuo, pasipoti au mirathi, yaani pale asipokuwa na muda wa kusubiri.

Kwa Tanzania mambo huanzia hospitali. Tangazo la kizazi, ile karatasi anayopewa mama baada ya kujifungua, ndilo linalozaa cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Lisome hapohapo kabla hujatoka: jina la mtoto, la baba, la babu, herufi kwa herufi. Familia inayosubiri siku ya saba, siku ya akika, ndiyo impe mtoto jina, iambie hospitali mapema ili nafasi ya jina isijazwe kwa kubahatisha. Usajili ukifanyika ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa unakuwa mwepesi. Ukipita hapo unaombwa viambatisho zaidi vya kuthibitisha uzazi.

Kama tofauti imeshaingia, kuna njia mbili na watu huzichanganya. Ikiwa ni tahajia tu na mtu ni yuleyule, hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo hueleza kwamba Juma na Jumaa ni mtu mmoja. Ikiwa unataka jina libadilike moja kwa moja, kiapo hakitoshi. Unahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina, isajiliwe, ndipo hati nyingine zifuate. Anza na cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho cha taifa, pasipoti iwe mwisho. Ukianza na pasipoti utaifanya mara mbili.

Fomu za nje zina mtego wake. Zinadai "jina la ukoo", na Juma Ali Hamisi hana ukoo kwenye jina. Ana baba na babu. Kinachojazwa hapo ni Hamisi, la mwisho, kama pasipoti inavyoonyesha. Tiketi ya ndege ifuate pasipoti, si mazoea ya nyumbani.

Bado ni jina maarufu?

Kwa watu wazima, sana. Ni jina la kila nyanja: Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda uliokuwa rekodi ya mbio hizo, na akashika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Juma Mwapachu alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia 2006 hadi 2011. Juma Kaseja alidaka langoni kwa timu ya taifa ya Tanzania, Juma Nature aliipa Temeke sauti kwenye bongo fleva, Juma Jux akaja na kizazi kilichofuata, na Juma Aweso aliteuliwa Waziri wa Maji Desemba 2020.

Jina limezoeleka kiasi kwamba vitabu vya sarufi vikitaka mtenda yeyote asiye na sifa vinamchukua Juma: Juma anasoma kitabu, Juma amepigwa na Asha. Mazoea hayo yana athari mbili. Halimtengi mtoto na mtu, kila karani anajua kuliandika. Lakini wazazi vijana wa mjini, wanaotafuta jina ambalo darasani litakuwa la mtoto wao peke yake, huliona la kizee na kukimbilia majina marefu ya Kiarabu. Wanachopoteza ni jina lisilokosewa. Mtoto anayeitwa Muhtadi ataligawa kwa herufi maisha yake yote.

Darasani wapo Juma watatu. Tuwatofautishe vipi?

Kwa jina la baba, kama ilivyo desturi: Juma Hassan, Juma Hamisi, Juma Salum. Wakigongana hata hapo, ongeza la babu. Lakabu za umbo, Juma Mrefu na Juma Mweusi, waachiwe wenyewe na wenzao. Zikiingia kwenye daftari la mahudhurio zitamfuata mtoto hadi cheti cha kumaliza shule.